Msitoke Nyumbani Kabla Korti Haijasema

Nyinyi vijana mnaojenga sasa, chukueni neno hili kabla hamjapandisha ukuta. Mtu akiingia katika uwanja wenu na utepe wa kupimia, akasema nyumba si yenu tena, msimtukane, msimpige, wala msianze kufunga vyombo. Muulizeni: karatasi ya korti iko wapi? Kisha nyamazeni. Ataongea sana. Mwacheni aongee. Nimewaona wanaume wenye tai wakitokwa na jasho kwa sababu ya swali hilo peke yake.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Nilikaa mbele ya tribinali, yaani korti yetu hapa Kalemie, na meza, mwavuli, na mashine ya kupiga chapa ambayo herufi yake ya «e» ilikuwa imepinda. Watu waliniita Mama Mashini, na wengine hawakujua kamwe kwamba nina jina lingine. Mwenye kesi alikuja, akanieleza, nikapiga. Mwenye maombi ya kazi, nikapiga. Aliyetaka kumwandikia mume aliyekimbilia Kigoma, nikapiga pia, ingawa barua hizo zilikuwa ngumu kuliko za korti, maana mwandikaji alitaka kutukana na kuomba katika sentensi moja.

Sheria sikuisoma shuleni. Niliisoma vidoleni. Ukipiga chapa utetezi wa namna ileile mara nyingi, na kichwa chako si jiwe, unaanza kujiuliza kwa nini neno hili linakaa hapa na si pale. Nilinunua kitabu cha sheria ya jamaa, yaani ya familia, sokoni, kimeng'oka jalada, nikawa ninakisoma pamoja na kamusi ya Kifaransa. Nilichokosa kuelewa nilimuuliza Papa Mulongo.

Papa Mulongo alikuwa defansere, yaani mtetezi anayeruhusiwa kusema mbele ya tribinali ingawa si avoka, wakili kamili. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi, na mwandiko wake ulifanana na miiba ya samaki iliyomwagwa juu ya karatasi. Mimi peke yangu niliweza kuusoma. Yeye mwenyewe wakati mwingine alinirudia kuniuliza aliandika nini. Siku za mwanzo nilipenda kupamba. Nikiandikia mjane, nilitia machozi, yatima, na jina la Mungu. Akasoma barua moja kama hiyo, akaikunja vizuri, akanirudishia.

«Mama Mashini, usimwandikiye jaji kilio. Vilio anavyo tayari kwake. Mwandikiye nani, lini, nini kilifanyika, na unaomba nini.»

«Na huruma je, Papa?»

«Huruma itamufikia pale atakapoona kama uko na haki. Kabla ya pale, itamuchosha tu.»

Hilo ndilo somo la kwanza, na sijapata la pili lililo kubwa kuliko lile. Leo mashine yangu iko chini ya kitanda. Vijana wenye kompyuta na aprimante za kuchapia wamejaa kando ya tribinali, na wanaandika haraka kuliko nilivyoandika mimi. Sijazeeka, macho ndiyo yaliyonitangulia. Lakini watu bado wananifuata nyumbani na maneno yaleyale: tumekopa, tumeshindwa, wanataka nyumba. Nimechoka kusema kwa mmoja mmoja. Ndiyo maana ninawaandikia.

Nitawaeleza kwa njia ya Mama Feza, kwa kuwa kila kosa ambalo mtu anaweza kufanya, jamaa ile ililifanya, na bado hawakutoka.

Mama Feza alikuwa anapika mikate. Alijenga tanuri yake mwenyewe nyuma ya nyumba, ya matofali na udongo wa kichuguu, na kartye nzima, mtaa wote wa upande ule wa reli, walikula mkate wake na chai ya asubuhi. Alifika kwenye meza yangu akiwa bado na unga mikononi. Hakulia. Alikuwa amekasirika namna ya mtu anayejaribu kukumbuka ni nani amemkasirisha.

«Mama, walikuja kupima nyumba.»

«Nani?»

«Meneja wa sanduku ya mikopo. Na muntu mwingine mwenye kofia. Wakapima chumba, wakapima salo ya wageni, wakapima uwanja. Yule wa kofia akaonyesha tanuri yangu, akasema: hii tutabomoa, groupe, mashini ya umeme, itakaa hapa.»

«Na wewe ulifanya nini?»

Akapangusa unga mikononi. «Niliwapatia maji ya kunywa.»

«Maji?»

«Muntu akifika kwako, Mama, si unamupa maji?»

«Kisha?»

«Kisha utepe ulikuwa mrefu, nao walikuwa wawili tu, mumoja anaandika. Wakasema: Mama, tushikiliye huku mwisho. Nikashika.»

Papa Mulongo, aliyekuwa amekaa karibu akisubiri kesi yake, akakohoa mpaka akatokwa na machozi. Nilijua kwamba si kikohozi. Lakini msimcheke Mama Feza. Sisi tumelelewa hivi: anayeingia kwa adabu anapokelewa kwa adabu, hata kama amekuja kupima mahali atakapobomoa. Wakopeshaji wanaijua tabia yetu hii vizuri. Hawaji na polisi. Wanakuja na salamu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mume wake, Papa Kabezya, mchomeleaji wa vyuma, alikopa kwenye sanduku moja la akiba na mikopo ili anunue motere ya kusukuma mtumbwi mkubwa. Alitaka kubeba unga na bidhaa za duka kwenda Zongwe na Moba, na kurudi na samaki na maharage ya Marungu. Mpango haukuwa wa kijinga. Alifanya safari, akalipa, akafanya nyingine, akalipa. Kisha ziwa likapanda. Mnakumbuka wenyewe jinsi maji yalivyoingia katika nyumba za pwani na kukataa kutoka. Banda alimofungia motere lilianguka usiku mmoja, na motere ikaenda nalo. Kabezya akashindwa kulipa. Akaona haya, akaenda Kabalo kutafuta kazi, akafunga simu. Mke akabaki na watoto, tanuri, na deni asilojua ukubwa wake.

Nyumba ilikuwa kwa jina la Kabezya, na sertifika yake ya parseli, yaani hati ya kiwanja, ilikuwa halali. Parseli aliipata kwa baba yake. Shikeni hilo, maana litaleta matata.

Katika mkataba wa mkopo mlikuwa na neno hili: mkopaji akishindwa, nyumba inakuwa mali ya sanduku. Meneja, aliyeitwa Prosper, alimwonyesha Mama Feza neno hilo kwa kidole, kama mtu anayeonyesha Biblia. «Mume wako alikubali, Mama. Sasa tunafanya nini?»

Vijana, hapa ndipo watu wengi wanapofunga vyombo. Wanaona sinyatire, sahihi ya mwenyewe, wanaona muhuri, wanasema: tumekwisha. Sivyo. Nyumba ambamo mtu anakaa na jamaa yake haiwi mali ya mkopeshaji kwa sababu tu iliandikwa hivyo siku ya kukopa. Sheria inayotumika kwetu inalikataa neno hilo hata kama mliweka sinyatire mkicheka. Wala mkopeshaji hawezi kutafuta mnunuzi wake mwenye kofia akamuuzia. Lazima rehani iwe imeandikishwa kwenye biro, ofisi ya hati za ardhi. Kama haikuandikishwa, anadai deni kama mtu mwingine yeyote. Lazima wisie, mtumishi wa korti anayepeleka karatasi, akuletee amri ya kulipa yenye muda ndani yake. Lazima masharti ya mauzo yawekwe tribinali, uitwe uyasome, uyapinge. Halafu tu ndipo nyumba inaweza kuuzwa, mbele ya watu, si kwenye meza ya meneja.

«Kila hatua ni mulango,» Papa Mulongo alimwambia Mama Feza. «Kwenye kila mulango, usimame uulize. Wao wanataka uruke dirisha.»

Tukaandika barua. Niliiandika bila kilio. Tuliomba hesabu yote ya deni: kiasi gani kilikopwa, kipi kimelipwa, na faini zimetoka wapi, kwa kuwa mara nyingi faini ndiyo imenenepa kuliko deni. Tukaomba nakala ya rehani. Tukasema kwamba hakuna mtu atakayeingia tena kupima bila karatasi ya korti. Na chini, Mama Feza akaweka sinyatire yake mwenyewe, kubwa, yenye mkia.

Alipofika nyumbani alikuta vijana wa kartye wamemsaidia kwa njia yao. Walikuwa wameandika kwenye ukuta wa mbele, kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Na chini yake, kwa kuwa rangi ilibaki: UKIUZIWA USILIE.

Akanirudia ana wasiwasi. Papa Mulongo akacheka wazi safari hii. «Acha ikae. Rangi inaongea na mununuzi. Haiongei na jaji.» Na ni kweli, mtu wa kofia alipita na pikipiki yake, akasimama, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akageuza. Hatukumwona tena. Lakini nimewaona watu waliotegemea rangi peke yake. Wameandika ukuta mzima, wakaenda kulala, na siku ya korti hawakufika. Ukuta haukuwajibia.

Kuna kosa lingine linalofanana na hilo. Baba mmoja wa upande wa Lukuga alipomwona wisie anakuja, alipanda juu ya paa na kuvuta ngazi. Watu walifurahi sana, watoto wakapiga makofi. Wisie akamsalimia kutoka chini, akaandika kwamba mwenyewe amekataa, akaiacha karatasi kwa njia ambayo sheria inamruhusu, akaenda zake. Yule baba akateremka kama jemadari. Lakini muda ulikuwa umeanza kukimbia, na yeye hakuwa ameusoma. Alipofika kwetu, siku ya kupinga ilikuwa imepita, na Papa Mulongo alitafuta mlango hata mmoja uliobaki wazi, asiupate. Karatasi ya korti haiumi. Ipokeeni. Andikeni siku mliyoipokea. Isomeni, au mtafute wa kuwasomea siku hiyohiyo. Anayekimbia karatasi anampa mdai wake zawadi.

Sanduku lilijibu barua yetu kwa kufanya lililopaswa kufanya tangu mwanzo: likaenda korti. Wisie akaja kwa Mama Feza. Yeye alikuwa amefundishwa. Alipokea, akaandika siku, akampa pia maji, kwa kuwa hakuna sheria iliyomkataza. Pamoja na amri ya kulipa kulikuwa na nakala za rehani. Akazileta zote kwangu, nikazisoma kwa sauti. Nilipofika mahali palipoandikwa «mke wa mkopaji amekubali», na alama ya kidole chini yake, akanishika mkono.

«Kidole ya nani?»

«Wameandika jina lako.»

«Miye nilisoma, Mama. Najua kuandika jina yangu. Tangu lini naweka kidole?»

Tukatazamana. Kisha akakaa chini polepole. «Dorika,» akasema.

Dorika alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Kabezya, muuzaji wa ndagala, yaani dagaa, pale pwani. Katika jamaa ile yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Siku ya mkopo, Kabezya alitoka naye asubuhi, Dorika amevaa kitenge kipya, na mume akasema wanaenda kwa mambo ya baba yao. Hakuna aliyemwambia Mama Feza ni mambo gani.

Hapa Papa Mulongo aliacha mzaha. Akatueleza: kwa sheria yetu ya jamaa, mtu aliyeoa hawezi kuweka nyumba rehani bila mwenzake kukubali. Hata kama nyumba ilitoka kwa baba yake. Hata kama mwenzake hakununua tofali. Akamuuliza Mama Feza kama ndoa yao iliandikishwa serikalini. Iliandikishwa. Akapumua. Nanyi mlio na ndoa ya mahari tu, ambayo jamaa mbili zinaijua lakini biro ya serikali haiijui, nendeni mkaiandikishe kabla hamjahitaji ulinzi wake. Msiende siku ambayo wisie yuko mlangoni.

«Kwa hiyo tumeshinda?» Mama Feza akauliza.

«Bado. Wao watasema kidole ni yako. Unahitaji mwenye kidole.»

Tulimkuta Dorika pwani, anageuza ndagala juani kwa fagio dogo. Alimwona wifi yake, akaendelea kugeuza.

«Mumekuja kununua ao kutazama?»

«Dada, wanataka kuuza nyumba,» Mama Feza akasema.

«Nyumba ya baba yangu. Najua. Weye ulikuja pale na sanduku ya nguo na sufuria mbili.»

«Nami nilijenga tanuri. Weye ulikuja na kidole.»

Wanawake waliokuwa karibu wakageuka. Dorika akasimamisha fagio.

«Kabezya aliniambia bibi yake ana kazi ya mukate, hana nafasi. Meneja akasema, mwanamuke yeyote wa jamaa iko sawa. Miye ni mukubwa wake. Baba alipokufa, ni miye nilisema parseli iandikwe kwa jina yake. Ningemuuliza nani?»

«Miye.»

«Weye!»

«Miye, Dada. Miye njo nalala mule.»

Papa Mulongo aliingia katikati, akamweleza taratibu. Hakumtisha. Alimwambia kwamba korti ikiuza, itauza nyumba ya baba yake pia, na jina la baba halitabaki hata kwenye ukuta. Dorika alisikiliza akitazama samaki wake.

«Na nikisema kidole ni yangu, watanifunga?»

Nilitegemea Papa Mulongo amtulize. Angeweza. Mawakili wengi wangesema: usiogope, Mama. Yeye akasema: «Siwezi kukuahidia. Nadhani hapana. Hawakukusomea, hawakuuliza jina yako, na meneja mwenyewe njo alikuambia uweke. Lakini kuahidi, siahidi.»

Dorika akarudi kwa fagio lake. «Haya. Miye nauza ndagala. Kama hamununue, muniachiye jua.»

Tukaondoka bila jibu. Mama Feza alipofika kwake akawasha tanuri.

Wakati tukisubiri siku ya korti hatukukaa bure. Papa Mulongo aliweka utetezi wote kwa mpangilio, wenye nguvu mbele: mke hakukubali. Kisha faini zisizo na maelezo. Kisha, kama hayo yote yangeanguka, alimwomba jaji muda wa kulipa kidogo kidogo, kwa kuwa sheria inamruhusu jaji kumpa mdaiwa mwenye nia nzuri nafasi ya kupumua. Na njia ya mwisho kabisa alimweleza Mama Feza pembeni: kuomba kuuza nyumba wenyewe, kwa bei yao, badala ya kuuziwa kwa bei ya kutupa. Alikuwa na wajibu wa kumwambia. Mtetezi asiyekuambia njia chungu anakuibia.

«Hiyo ya mwisho usiiandike,» Mama Feza akasema. «Deni italipwa. Nyumba sitoki.»

«Nimeiweka katika kichwa tu.»

«Hata katika kichwa uitoe.»

Siku ya korti chumba kilikuwa kimejaa na joto. Avoka wa sanduku alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye adabu, anayejua kazi yake. Msidhani upande wa pili siku zote ni wa wabaya. Yeye alisema alichoambiwa na mteja wake: rehani imeandikishwa, mke alikubali, kidole kiko hapa. Meneja Prosper akasimama, akasema alimwona mke kwa macho yake.

Jaji akamgeukia Mama Feza. «Hiki ni kidole chako?»

«Hapana, Bwana Jaji. Miye najua kuandika.»

«Ni cha nani basi?»

Papa Mulongo akataka kufungua mdomo. Mlango ukafunguka kabla ya mdomo wake. Dorika aliingia na harufu ya ndagala, kapu mkononi, akapita katikati ya viti kama anayepita sokoni. Polisi akamwambia asimame. Akasimama, lakini mbele kabisa.

«Wewe ni nani, Mama?» Jaji akauliza.

«Dada mukubwa wa Kabezya. Kidole njo hii.» Akakiinua.

Watu wa nyuma wakasimama waone. Jaji akamwapisha. Kisha akauliza, «Ulijua kwamba pale ni mahali pa mke?»

«Sijue kusoma, Bwana. Waliniambia: weka hapa. Nikaweka hapa. Wangesema weka paji la uso, ningeweka paji la uso.»

Watu wakacheka, jaji akagonga meza, ingawa niliona naye anatafuta kalamu isiyokuwa imepotea.

«Walikuuliza jina lako?»

«Hapana.» Akamgeukia Prosper. «Weye uliniita Mama Kabezya. Nikakuambia Mama Kabezya ni mama yetu, na alikwisha kufa. Ukasema: si kitu, Mama, weka tu, tunafunga biro. Ulisema ao hukusema?»

Prosper akamtazama avoka wake. Avoka wake akamtazama yeye, na sikuona urafiki katika macho yale. Ndipo tulipojua kwamba hata huyo avoka alikuwa amefichwa ukweli.

«Mama Dorika,» jaji akasema, «unaelewa kwamba maneno haya yanaweza kukuletea matata?»

«Naelewa. Yule mwembamba alikwisha kuniambia.» Akamwonyesha Papa Mulongo kwa kidevu. «Lakini nyumba ya baba yangu haiwezi kuuzwa kwa kidole yangu. Mukitaka kunifunga, munifunge. Ndagala ziko inje, muntu aziangalie.»

Hawakumfunga. Aliitwa kwenye biro ya prokureri, mwendesha mashtaka, akajibu yaleyale kwa sauti ileile, akarudi pwani. Tribinali, ilipotoa neno lake baadaye, ilisema rehani ile haiwezi kuishika nyumba, kwa kuwa mke hakukubali, na hatua zote za kuuza zikafutwa. Ilisema pia, na hili mlisikie kwa masikio yote mawili, kwamba deni halikufutwa. Kabezya alikopa, Kabezya anadaiwa. Wapo watu waliotoka kwetu wameshinda nyumba wakadhani wameshinda na deni, wakanywa bia ya ushindi, na baadaye wakadaiwa upya kwa njia nyingine. Utetezi si kukimbia deni. Ni kukataa kupokonywa kwa njia isiyo ya haki.

Mama Feza alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mume wake alikuwa amefungua simu tena huko Kabalo, ameanza kutuma kidogo, na yeye aliongeza fedha za mikate. Alisema sheria haimlazimishi kulipa deni la kidole kisicho chake, lakini hataki mtu apite mbele ya nyumba yake akimwita mwizi. Akaniomba nimsindikize siku ya malipo ya kwanza. Dorika akaja pia, bila kualikwa. Alikuwa ameleta fungu lake, limefungwa kwenye pembe ya kitenge.

Kwenye biro ya sanduku kulikuwa na foleni ndefu. Zamu yetu ilipofika, kumbe aliyekuwa mezani ni Prosper mwenyewe, amewekwa kwenye dirisha la kupokea, bila koti.

«Karibuni, wamama. Hatuna haja ya kukumbushana mambo ya zamani.»

«Hatukumbushane,» Mama Feza akasema, akaweka fedha. «Andika risiti.»

Akaandika, akasukuma karatasi. Mama Feza akaisoma yote, polepole, mpaka chini. Akairudisha.

«Andika: deni ya Kabezya. Na uandike: nyumba haiko ndani.»

«Mama, risiti yetu haina mahali pa kuandika vile.»

«Iko na nafasi huku chini.»

«Si utaratibu wetu.»

«Na kupima nyumba ya watu ilikuwa utaratibu?» Dorika akasema nyuma yake, kwa sauti ya pwani. Foleni yote ikasikia.

Prosper akatazama fedha. Akatazama mlango. Akashika kalamu, akaandika, akapiga muhuri. Mama Feza akasoma tena, akaikunja, akatoka kwenye dirisha.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye overolo ya reli, ambaye hatukumjua na ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akaweka fedha zake juu ya meza, akaziwekea mkono.

«Na yangu,» akasema, «andika vilevile.»